Karani asiyepokea chochote naye anaweza kuharibu shauri: maadili ya makarani na wasaidizi wa majaji

Mleta uzi

Wote tuliosoma sheria tumekariri kwamba haitoshi haki kutendeka tu, bali lazima ionekane wazi na bila shaka kwamba imetendeka. Mawakili huyaandika maneno hayo katika hoja zao kila wanapotaka jaji au hakimu ajitoe kwenye shauri, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba yalisemwa kuhusu jaji. Yalisemwa kuhusu karani.

Mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy alishtakiwa huko Sussex, Uingereza, kwa kuendesha kwa namna ya hatari baada ya kugongana na chombo kingine. Mahakimu waliomsikiliza hawakuwa wanasheria, hivyo walikuwa na karani wa kuwaelekeza kwenye mambo ya sheria, na aliyekaimu nafasi hiyo siku ile alikuwa mmoja wa mawakili wa ofisi iliyokuwa ikimdai McCarthy fidia kwa ajali ileile, kwa niaba ya upande wa pili. Mahakimu walipoingia faragha kushauriana, karani aliingia nao pamoja na kumbukumbu zake. Waliapa baadaye kwamba hawakumuuliza lolote na kwamba yeye mwenyewe alijizuia kusema lolote kuhusu shauri, na mahakama ya juu iliwaamini. Hata hivyo hatia ile ilifutwa mwaka 1923, na ndipo Jaji Mkuu Lord Hewart alipotamka maneno tunayoyakariri hadi leo. Karani yule hakupokea senti, hakunong'ona, hakubadilisha nukta katika jalada, lakini kule kuingia kwake chumbani kulitosha.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu semina karibu zote za maadili nilizohudhuria katika miaka yangu ya kazi zilizungumzia rushwa peke yake. Rushwa inastahili kuzungumzwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaieleza vya kutosha. Hakuna karani wa Tanzania ambaye hajui TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, ni akina nani. Lakini anayepokea bahasha anajua kwamba anakosa, na ndiyo maana huipokea kwa kificho. Mimi naogopa zaidi kosa lile ambalo mtenda huliona kuwa ni wema, akalifanya mchana kweupe na moyo mweupe.

Naeleza kwa kulitenda mwenyewe. Nilikuwa msaidizi wa sheria wa jaji katika masijala moja ya kanda, na kazi yangu ilikuwa ile ambayo wenzangu wanaijua: kusoma majalada kabla ya kusikilizwa, kutafuta uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaohusika, kuandaa muhtasari, na mara nyingine kuandika rasimu ya kwanza ya sehemu ya hukumu kwa maelekezo ya jaji. Tulikuwa na mgogoro wa ardhi kati ya bibi mmoja mjane na shemeji yake. Shahidi mmoja alikuwa ameeleza kwamba kwenye mpaka wa kiwanja hapakuwa na miti yoyote ya kupandwa, na mwingine alikuwa amesema kuna safu ya miembe mikongwe. Jumapili moja nilikuwa natoka kuwaona wazazi wangu, na njia inapita karibu na mahali pale. Nikashuka kwenye daladala, nikatembea kama dakika kumi, nikaiona miembe. Jumatatu asubuhi nikamwambia jaji kwa furaha kabisa kwamba shahidi wa pili alisema kweli.

Jaji aliweka kalamu mezani na hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu yeyote wa upande wowote aliyeniona, na kama nilijua kwamba miembe niliyoiona ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, na si ya kiwanja cha jirani. La pili sikulijua. Siku ya shauri aliwaita wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri, na mawakili wao, akawaeleza kilichotokea bila kunitaja kwa ubaya, akajitoa. Jalada lilipangiwa jaji mwingine, na bibi yule, ambaye kila tarehe alikuja na basi la alfajiri akiwa amebeba nyaraka zake kwenye mfuko wa plastiki, akalazimika kungoja miezi mingine mingi. Sijasahau jinsi alivyoinama kuokota mfuko wake siku ile.

Nilipokuwa nikitafuta kuelewa uzito wa nililolifanya, nilirudi kwanza kwenye uamuzi wa Mahakama yetu ya Rufani wa mwaka 1980 kati ya Nizar M.H. Ladak na Gulamali Fazal Jan Mohamed. Mahakama ilisema pale kwamba kutembelea eneo la mgogoro kunafaa katika mazingira ya pekee tu, kwa kuwa mahakama inayokwenda kujionea yenyewe inaweza kugeuka shahidi bila kukusudia, na kwamba ikilazimika kwenda, basi wadaawa, mawakili na mashahidi wanaohitajika wawepo. Kama jaji mwenyewe, mwenye kiapo na mamlaka, amewekewa tahadhari hiyo, basi msaidizi wake anayeshuka kwenye daladala peke yake siku ya Jumapili hana pa kusimama.

Baadaye nikagundua kwamba Marekani kosa langu lilikuwa na jina na historia yake. Wenzetu kule wana aina mbili za wanasheria wanaofanya kazi nyuma ya pazia la mahakama. Kuna msaidizi anayefanya kazi na jaji mmoja, mara nyingi kijana aliyetoka chuoni ambaye hukaa mwaka mmoja au miwili kisha akaenda kwenye uwakili. Desturi hiyo ilianza kwenye Mahakama ya Juu mwaka 1882, pale Jaji Horace Gray alipoanza kumlipa msaidizi kwa fedha zake mwenyewe. Na kuna wanasheria wa mahakama nzima, ambao hawana jaji wao bali huchambua rufaa na maombi kwa ajili ya majaji wote. Kwa kuwa mfumo huo ni wa zamani, makosa yake nayo yamekwisha kufika kwenye rufaa na kuandikwa.

Mwaka 1977 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho kule Marekani, ilitoa uamuzi katika shauri la Kennedy dhidi ya kampuni ya maduka ya Great Atlantic & Pacific Tea. Mtu alikuwa ameteleza dukani na kuumia, na ubishi ulikuwa juu ya maji ya mvua. Msaidizi wa jaji alikwenda dukani kwa hiari yake siku ya mvua, akaona maji yametuama, akamweleza jaji. Jaji aliwaarifu mawakili, na kilichofuata ni kwamba msaidizi yule aliitwa na upande wa mdai kuwa shahidi mbele ya jaji aliyekuwa mwajiri wake. Hukumu ikatenguliwa. Niliposoma uamuzi ule niliona nimesimama kwenye viatu vya kijana yule.

Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Price Brothers dhidi ya Philadelphia Gear, jaji mwenyewe ndiye aliyemtuma msaidizi wake akaangalie jinsi mashine iliyobishaniwa inavyofanya kazi. Hapo msaidizi alikuwa anatii, na bado mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ilirudisha jalada ili ichunguzwe aliona nini na alimweleza nini jaji. Nakubaliana na msimamo huo, ingawa najua ni mgumu kwa kijana aliyeajiriwa juzi: agizo la jaji halikisafishi kitu ambacho wadaawa hawakupewa nafasi ya kukijibu.

Naomba michango yenu, hasa ya makarani wa masijala, kwa sababu tunaandikwa sana kwenye malalamiko na kusikika kidogo.

Mchangiaji: wakili wa kujitegemea, Mwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa ukweli wako, ila nina neno. Sisi mawakili tunaishi kwa makarani. Nikipiga simu masijala kuuliza jalada langu limepangwa lini, au kama nakala ya mwenendo wa shauri imeshachapwa, sitaki kujibiwa na mtu anayeogopa kivuli chake. Nina hofu kwamba ukiwahubiria hivi, karani ataona usalama wake ni kunyamaza kwa kila kitu, na atakayeumia ni mteja wangu wa Sengerema aliyekopa nauli kuja kuambiwa kwamba jaji yuko likizo. Halafu jambo la pili: hao wasaidizi wa majaji mnaowasifia kwa usiri, kesho wanaajiriwa na ofisi kubwa za uwakili. Usiri wao unakwenda wapi?

Mleta uzi

Mheshimiwa wakili, hoja zako zote mbili ni za haki, na ya kwanza naipokea bila masharti. Tarehe ya shauri, kama limeahirishwa, kama ada imelipwa, kama nakala iko tayari, fomu ipi hutumika na muda wa kukata rufaa unahesabiwaje: hayo ni mali ya umma, na karani anayeyaficha ili aombwe kwa heshima naye anavunja maadili. Karani anayemwacha mtu afunge safari kutoka Sengerema huku akijua kwamba jaji hayupo anatenda dhuluma, hata kama hakuna kanuni aliyovunja kwa maandishi.

Mpaka unaanza pale swali linapoacha kuhusu jalada na kuanza kuhusu kile kilichomo kichwani mwa jaji. "Hukumu inasomwa lini?" ni swali la jalada. "Mzee anaelekea wapi?" ni swali la kichwani. Katikati kuna mwanya ambamo wengi wetu huteleza, kwa mfano kumwambia wakili "hoja yako ya pili ndiyo iliyomgusa," au "usihangaike sana na ile ya muda." Maneno hayo hayafichui hukumu, lakini yanampa upande mmoja ramani ambayo mwenzake hana. Na hata kutabasamu mtu anapotaja jalada ni kusema. Nimewaona mawakili waliokuwa wakinisoma usoni kwenye ngazi za mahakama.

Kwa mtu asiye na wakili mpaka ni huohuo. Karani anaweza kumweleza mama mwenye shauri la mirathi hatua zinazofuata na kumwonyesha mahali pa kutia sahihi. Akianza kumwambia "andika kwamba marehemu alikupa kwa mdomo mbele ya wajukuu," amekwisha kuwa wakili wake, na kesho atapokea hati hiyohiyo dirishani kama mtumishi wa pande zote mbili. Naielewa huruma inayomsukuma, lakini atakayeumizwa nayo ni yule mrithi mwingine aliyeko upande wa pili wa dirisha.

Kuhusu ajira, umegusa kidonda ambacho Marekani walikifanyia kazi mapema. Katika shauri la Hall dhidi ya idara ya serikali ya biashara ndogondogo, mwaka 1983, wanawake walikuwa wakidai kwamba wamebaguliwa kazini. Msaidizi pekee wa hakimu aliyelisikiliza alikuwa mwenyewe mmoja wa kundi la walalamikaji hapo awali, akiamini kwamba naye amebaguliwa, na kabla hukumu haijatoka alikuwa amekubali kazi kwenye ofisi ya mawakili wa walalamikaji. Mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu. Miaka mitatu baadaye likaja la Hunt dhidi ya benki moja ya Baton Rouge, ambamo wasaidizi wa jaji walikuwa wameahidiwa kazi na ofisi ya mawakili wa benki, lakini jaji alikuwa amewaondoa kwenye jalada lile. Mahakama ikasema kwamba mgongano wa maslahi ukiwa wa msaidizi, anayetakiwa kukaa pembeni ni msaidizi, si jaji. Tofauti ya kesi hizo mbili ni kusema mapema. Hakuna aliyewanyima vijana wa Hunt kazi yao mpya.

Baada ya kuondoka, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kanuni yake ya 7, inamzuia aliyekuwa mtumishi wake kufanya uwakili mbele yake kwa miaka miwili, na shauri lililokuwapo mahakamani wakati wa utumishi wake haligusi kabisa. Ningependa nasi tuwe na kipindi cha namna hiyo kilichoandikwa na kufahamika, kwa sababu kumwachia kijana wa miaka ishirini na saba apime mwenyewe lini siri imepoa si kumtendea haki. Siri ya ofisi ya jaji haiishi siku ya kurudisha kitambulisho.

Mchangiaji: karani wa mahakama, Kanda ya Ziwa

Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita, na nimeusoma uzi huu mara mbili. Mnazungumza kuhusu majaji na rasimu, nami naomba mtukumbuke sisi tunaosimama mahakamani na kutafsiri.

Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, na jambo hilo limetusaidia sana, kwa kuwa zamani shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, na mshtakiwa akasomewa mwenendo ambao hakuutambua kuwa ni maneno yake. Lakini huku kwetu bado anasimama mzee asiyejua ila Kisukuma, na karani ndiye anayeitwa kuwa mkalimani. Mzee akizungumza kwa mzunguko, akaanza na ng'ombe wa babu yake kabla ya kufika kwenye ugomvi, nilikuwa nafupisha. Niliona nawasaidia wote, mzee asionekane mpuuzi na hakimu asichoke. Siku moja wakili kijana anayejua Kisukuma alisimama akapinga kwamba nimeruka maneno, na kweli nilikuwa nimeruka. Katika zile habari za ng'ombe mlikuwa na mwaka ambao mpaka uliwekwa. Sikuwa na nia mbaya hata chembe. Tangu siku hiyo natafsiri hata kikohozi.

Kuhusu zawadi, nitasema ukweli ambao wenzangu hawatapenda. Mshahara ni mdogo, na watu wetu wana desturi ya kushukuru. Mama ameshinda shauri lake, anakuletea kuku au kilo tano za mchele, na kumrudishia ni kama kumtukana. Mnatuambia tufanye nini?

Mleta uzi

Kaka, mchango wako umezidi andiko langu, na nitaomba ruhusa yako kuutumia mfano wa ng'ombe popote nitakapozungumza na vijana.

Kuhusu kuku, sina jibu litakalomridhisha kila mtu, nina msimamo tu. Mama yule anakushukuru kwa kushinda, na kushinda hukumpa wewe. Ukimpokea kuku, umekiri mbele yake kwamba mkono wako ulikuwamo kwenye hukumu, na akirudi kijijini atamweleza jirani yake mwenye shauri kwamba karani yule ni mtu mwema, apelekewe kitu. Yule jirani atakuja na kuku wake kabla ya hukumu. Mimi nilikuwa nasimama, napokea kwa mikono miwili ili asidhalilike, kisha namwambia, "Mama, nimeshukuru, nimepokea moyo wako, hiki warudishie watoto, kwa sababu mimi nilikuwa karani wa shemeji yako pia." Wengi walielewa. Wawili walikasirika, na mmoja kati yao ni jamaa wa karibu na nyumbani kwetu, tukikutana msibani bado hanisalimii vizuri.

Kuhusu mshahara, nakubali kwamba ni suala la maadili vilevile, na ni maadili ya mwajiri. Huwezi kumkabidhi mtu majalada yenye thamani ya mashamba na nyumba za watu, ukamwacha akope nauli ya kufika kazini, kisha ukashangaa. Lakini sitaki tulitumie kama kinga, kwa sababu kosa lako la ukalimani halikuhusiana na mshahara, na langu la miembe halikadhalika.

Mchangiaji: mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya sheria

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, kama msaidizi anatakiwa kutunza siri zote za ofisi ya jaji, afanye nini jaji mwenyewe anapokuwa ndiye mkosaji, kwa mfano anamsumbua kingono au anapokea fedha? Pili, je, inaruhusiwa kutumia programu za akili bandia kuandaa rasimu? Wenzangu wanaofanya mafunzo kwa vitendo wanazitumia kila siku.

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la kwanza ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na halina budi lijibiwe bila kuzunguka. Siri tunayoitunza ni siri ya maamuzi: rasimu, mashauriano, jinsi jaji alivyoyumba kati ya hoja mbili kabla ya kufikia moja. Haijawahi kuwa siri ya makosa. Marekani walilazimika kuliandika hilo waziwazi baada ya Alex Kozinski, jaji wa rufaa wa mzunguko wa tisa, kustaafu ghafla Desemba 2017 kufuatia malalamiko ya wanawake waliosema aliwanyanyasa kingono, wakiwamo waliowahi kuwa wasaidizi wa majaji. Ilionekana kwamba vijana wengi waliamini wajibu wa usiri unawafunga midomo hata juu ya mambo waliyotendewa wao wenyewe. Mwaka 2019 kanuni za maadili zilirekebishwa ili zieleze kwamba usiri haumzuii mtumishi kuripoti mwenendo mbaya wa yeyote, jaji akiwamo. Mtu akikuambia kwamba kulalamika kuhusu mkono wa jaji kwenye bega lako ni kutoa siri ya mahakama, anakudanganya, na anajua kwamba anakudanganya.

Siri ya maamuzi ikivunjwa huwa hairudi. Mwaka 1919 Ashton Embry, aliyekuwa msaidizi wa Jaji Joseph McKenna wa Mahakama ya Juu, alijiuzulu, na baadaye akashtakiwa kwamba alitoa habari za uamuzi uliohusu kampuni ya reli ya Southern Pacific ili watu wafanye biashara ya hisa. Mashtaka yalifutwa mwaka 1929 bila kusikilizwa. Na tarehe 2 Mei 2022 gazeti la Politico lilichapisha rasimu ya uamuzi wa mahakama hiyohiyo kuhusu haki ya kutoa mimba. Uchunguzi ulioongozwa na msimamizi wa shughuli na usalama wa mahakama, ambao taarifa yake ilitoka Januari 2023, uliwahoji watumishi 97, ukakuta kwamba watu 82 zaidi ya majaji wenyewe walikuwa na fursa ya kuiona rasimu, na haukumpata aliyeitoa. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba watu wote hao walibaki wakitazamana kwa shaka, nao karibu wote hawakutenda lolote. Msaidizi mmoja anapovujisha, anawavua nguo wenzake wote.

Kuhusu akili bandia, mwaka 2025 majaji wawili wa mahakama za shirikisho, mmoja wa Mississippi na mmoja wa New Jersey, walilazimika kuondoa maamuzi yao kwa sababu yalikuwa na makosa makubwa ya ukweli na ya nukuu. Walipoulizwa na seneta Grassley walieleza kwamba katika ofisi ya kwanza msaidizi wa jaji, na katika ya pili mwanafunzi wa mafunzo, alikuwa ametumia programu hizo, na rasimu ikatolewa kabla ya kuhakikiwa kama ilivyopaswa. Nadhani vijana wale walitaka kumrahisishia mkubwa wao kazi, kama nilivyotaka mimi kwa miembe yangu. Ushauri wangu kwako ni kwamba usiweke hata sentensi moja ya jalada kwenye programu iliyo nje ya mfumo wa mahakama, kwa sababu umekwisha kuitoa nje ya ofisi. Na usimpelekee jaji uamuzi wowote ambao hukuusoma wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Jaji akitia sahihi, anaweka jina lake juu ya macho yako.

Mchangiaji: wakili wa kujitegemea, Mwanza

Nimeridhika na majibu kuhusu tarehe. Swali langu la mwisho ni la kiutendaji. Watu wetu wana undugu mpana. Mtumishi anapoona kwenye jalada jina la shemeji, la aliyemsomesha, au la wakili aliyemfundisha kazi, anamwambiaje jaji bila kuonekana anakwepa kazi?

Mleta uzi

Anaandika. Asiseme koridoni, wala asingoje aulizwe, wala asipime mwenyewe kama undugu ule ni wa karibu au wa mbali, kwa sababu huo ndio uamuzi ambao hapaswi kuufanya peke yake.

Miaka miwili baada ya miembe, nilifungua jalada la madai ya mkopo, nikakuta mdaiwa wa pili ni mwalimu aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Nililifunga kabla sijafika ukurasa wa tatu, nikachukua karatasi, nikaandika: "Mheshimiwa, mdaiwa wa pili katika shauri hili alinilipia ada ya shule. Nimesoma hati ya madai hadi aya ya nne na sijasoma zaidi. Naomba jalada hili apewe mwenzangu, na naomba nisiwepo yanapojadiliwa." Nikaibandika juu ya jalada na kuliweka mezani kwake akiwa bado mahakamani.

Aliporudi aliisoma akiwa amesimama. Akaandika chini yake, "Imekubaliwa," akatia sahihi na tarehe, akaagiza karatasi ile iwekwe ndani ya jalada, wadaawa wote waweze kuiona. Mchana ule nilipelekewa jalada jingine.